Sahihi ya Mkutubi wa Homa Bay

Saa nne ya chai, hospitali yetu ya Migori iligawanyika kwa kazi. Wauguzi walikaa meza iliyo karibu na birika. Watu wa maabara walikaa dirishani na makoti yao yenye madoa. Walimu wa shule ya uuguzi walikuwa na chumba chao, na madereva na mabawabu walikunywa nje wakiwa wamesimama, wakicheka kuliko wote. Mimi sikuwa na meza. Nilikuwa mkutubi, mmoja tu, na hakuna aliyejua mkutubi akae na nani. Nilichukua kikombe changu nikarudi nacho maktabani, ambako nilikuwa nimebandika kwa mkono wangu tangazo la kukataza chai.

Tukitaka kusema kweli, hata mkutubi sikuwa. Barua yangu ya kazi ilisema karani. Nilipomaliza kidato cha nne baba alinitengea kaunta ya duka letu la nguo mjini, kwenye safu ya maduka ya Waislamu waliotoka mbali kama sisi, nami nikasema siwezi kukata vitenge maisha yangu yote. Nikapata hiyo nafasi ya kutunza vitabu vya shule ya uuguzi, chumba kimoja chenye rafu za mbao na mchwa wasiochoka. Baba akasema, "Umekataa kukaa na vitambaa vyako, umeenda kukaa na vitabu vya wenyewe." Alirudia maneno hayo kila mgeni alipokuja nyumbani, na wageni walicheka kila mara.

Niliipenda kazi ile kwa ubishi kwanza, kisha kwa kweli. Lakini kuipenda kazi usiyo na mwenzio ndani yake ni taabu. Muuguzi akichoshwa na mgonjwa, yuko muuguzi mwingine wa kumpigia makelele. Mimi nikigundua kwamba kitabu cha magonjwa ya watoto kimewekwa miaka yote kati ya vitabu vya upasuaji, nilimwambia nani? Nilijiambia mwenyewe, kwa sauti, na wanafunzi wakaanza kusema dada wa maktaba anaongea peke yake. Hawakukosea.

Katikati ya miaka ya tisini mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa mama mkali ila wa haki, na hakuzungusha maneno.

"Hii shule sasa inataka mtu ako na cheti," akasema. "Wewe unafanya vizuri, mimi naona. Lakini bila cheti cha ukutubi nitaleta mtu mwingine. Sitaki kukudanganya."

Nikatoka nikiwa nimemkasirikia, halafu nikakumbuka kwamba amenitendea hisani. Nikajiandikisha katika chuo kimoja cha Nairobi kilichofundisha kwa posta. Masomo yalikuja katika bahasha za kaki, nami niliyafanya nyumbani usiku huku ndugu zangu wakiniuliza kama kweli kuna mtihani wa kupanga vitabu. Nilifaulu yote ya karatasi. Ikabaki sehemu ya mwisho: mafunzo ya vitendo chini ya mkutubi aliyehitimu, wa maktaba ya afya hasa, na mwishoni huyo mkutubi aweke sahihi kwenye fomu. Pasipo sahihi hiyo hapakuwa na cheti, na pasipo cheti ilikuwa kaunta ya baba.

Nilitafuta. Katika wilaya nzima ya Migori hakuwamo hata mmoja. Mtu wa maktaba ya umma aliniambia kwamba yuko mmoja tu upande wetu huu, Homa Bay, katika chuo cha kufundisha wahudumu wa afya, naye anakaribia kustaafu. Nikaomba ruhusa ya Ijumaa, nikaenda.

Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha juu. Nilimpa shikamoo, akacheka kidogo kabla ya kuitikia marahaba, maana huko si salamu ya kila siku. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akasema, "Basi wewe ni nyar Migori." Binti wa Migori. Nilizaliwa pale, na hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Sokoni niliitwa binti wa yule Mswahili wa nguo. Akakubali nije kwake kila Ijumaa, na tangu siku hiyo hakuniita jina jingine, nami nilimwita Mwalimu.

Ijumaa ile ya kwanza niliongea mpaka nikaona haya. Nilimwambia juu ya kile kitabu cha watoto kilichopotea kati ya visu vya upasuaji, na yeye akapiga meza kwa kiganja. "Hiyo ni makosa mbaya sana!" akasema, kwa hasira ile ile niliyokuwa nayo mimi. Nusura nilie. Tuliendelea na kadi za katalogi, na namna wafadhili wanavyotuma makasha ya vitabu vilivyopitwa na wakati, na madaktari wanaoazima jarida na kuliacha nyumba ya uzazi. Mtu angepita angedhani tunasimulia habari za vita.

Alinifundisha kwa ukali. Kule kwetu magonjwa yote ya dunia yalirundikwa chini ya namba moja, mia sita na kumi, kama viatu mlangoni siku ya arusi. Kwake kila kiungo kilikuwa na herufi zake. Moyo ulikuwa WG, watoto WS, dawa QV, macho WW. Alinitaka nizijue kwa moyo. Alikuwa akitembea kati ya rafu bila kuangalia popote, anataja herufi, ananyoosha mkono, na kitabu kinakuja. Nilidhani hapo ndipo ujuzi unapofikia mwisho wake. Nikaanza kufanya mazoezi kwetu Migori, kutembea kati ya rafu nikitazama mbele, na nikajigonga.

Alikuwa na masharti yake mengine. Kadi niziandike kwa herufi kubwa na wino mweusi, si penseli. Kiti kisisogezwe kamwe kutoka mahali pake. Na kila alichotaka kisomwe, nikisome mimi kwa sauti. "Nataka kusikia kama unaelewa ama unaimba tu," alisema. Nilisoma majarida, nilisoma barua za wachapishaji, nilisoma hata tangazo la mkutano wa wafanyakazi. Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule na siku moja nilinung'unika kwamba nimekuja kusomea ukutubi, sikuja kusoma taarifa ya habari. Akacheka, akasema, "Endelea, nyar Migori."

Ijumaa ilipokwisha nilirudi, na wiki iliyobaki ilizidi kuwa ndefu kuliko kabla sijamjua. Zamani nilikuwa sijui ninakosa nini. Sasa Jumatatu nilikuwa na neno la kumwambia, nalo lilinikaa kifuani hadi Ijumaa, na mengine yaliharibika njiani nikayasahau. Nyumbani walinitafutia mchumba, mtu wa Kisii mwenye duka la vipuri. Alikuja akaniuliza nafanya nini kazini. Nikamweleza WG na WS kwa furaha kubwa, na hakurudi tena.

Kazi ya mwisho ya mafunzo, chuo kilitaka iwe swali halisi kutoka kwa msomaji halisi. Mwanafunzi alitafute jibu katika majarida ya tiba, aliandike na alikabidhi, na mkutubi mkuu aipime kazi hiyo kabla ya kuweka sahihi. Mwalimu aliniambia swali analo tayari. Alikaa kitini pake, mikono juu ya meza, akanisomea bila karatasi.

"Andika. Mtu ako na presha ya macho. Ameshapoteza uoni mwingi. Iko dawa ama operesheni inaweza kurudisha ile imepotea? Na ile imebaki, ataishika namna gani?"

"Swali la daktari gani, Mwalimu?"

Akakunja mikono juu ya meza. Kisha akasema kwamba hilo ndilo jambo la mwisho analotaka nilijue katika kazi hii. Muulize msomaji anataka kujua nini, kwa undani gani, na lini. Usimuulize ni kwa ajili ya nani. Mtu anakuja kwenye maktaba ya hospitali na aibu yake au hofu yake mfukoni, akisema ni swali la rafiki, au la darasani, na ukimchokora hatarudi, na atakwenda zake bila jibu. "Wewe unapeana jibu," alisema. "Ya nani, hiyo si kazi yako." Niliona ni maneno ya heshima sana. Nimewafundisha wengine maneno hayo hayo, ila kwa nyongeza niliyoipata baadaye kwake mwenyewe.

Nilitafuta kwa wiki nyingi. Nilipekua juzuu nene za faharasa ya majarida, mwaka baada ya mwaka, vumbi likiniwasha pua. Makala tusizokuwa nazo niliandikia Nairobi nikatumiwa nakala. Sikuwahi kufanya kazi kwa bidii namna ile, na nasema bila kujivunga kwamba ilikuwa kazi nzuri. Niliipiga taipureta mwenyewe, nikaifunga kwa uzi, nikaipeleka Homa Bay ikiwa imefungwa kwa gazeti isichafuke.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Niliandika kwa Kiingereza, bila shaka, na nilikisoma kwa ile sauti ya kuringa ya mtu aliyekwisha kufaulu. Nilipofika mwisho ilikuwa hivi: uoni uliokwisha kupotea haurudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji, matibabu yote ni ya kulinda uliobaki, na mgonjwa aliyechelewa sana hubaki na matumaini madogo hata kwa huo.

"Soma hapo tena."

Nikasoma tena, polepole, nikidhani anapima matamshi.

"Umetafuta yote?"

"Yote, Mwalimu. Mpaka ya mwaka jana."

"Hakuna mahali wamesema tofauti?"

"Hapana!" nikasema kwa furaha. "Wote wanakubaliana." Kwa mkutubi hiyo ni raha kubwa, waandishi wote kukubaliana. Huwa hawakubaliani kamwe.

Akasema ni kazi safi, na kwamba hata wa Nairobi wasingeifanya vizuri zaidi. Akaomba fomu. Nikaiweka mbele yake nikampa kalamu. Alipapasa ukingo wa karatasi kwa kidole, akashusha kidole kidogo, akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani. Sahihi ilianzia katikati ya maelezo yaliyochapishwa, ikapanda juu ya muhuri wa chuo, ikaishia pembeni kabisa. Mstari wenyewe, mweusi, mnene, ulibaki mtupu chini yake. Kisha akanyoosha mkono anipongeze. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kushoto, na mkono wake ulinyooka kulia, kwenye hewa, ukakaa pale ukingoja.

Hapo nilijua. Nilizunguka meza upesi nikaushika ule mkono, nikashukuru, nikasema maneno mengi. Sikusema hilo. Nikajishikiza kwenye kanuni aliyonifundisha: ya nani, si kazi yangu. Niliogopa pia. Chuoni kwake hawakujua, au walijua wakajifanya hawajui, na mkutubi asiyeona hana kazi kesho yake.

Njia nzima hadi Migori niliwaza yale maneno yangu. Wote wanakubaliana! Sikuwa na mtu wa kumwambia. Mama angesema pole, na kweli angemwonea huruma, lakini ningemweleza vipi nilichofanya, kwamba nimemhukumu mtu kwa sauti ya kuringa na yeye akaniambia ni kazi safi?

Chuo cha Nairobi kilirudisha fomu pamoja na nyingine mpya. Walisema sahihi haiko mahali pake, haisomeki, na imeharibu muhuri. Ipatikane upya kwenye mstari, la sivyo mafunzo ya vitendo yataanza tena mwanzo. Waliongeza kwamba hawatatoa fomu ya tatu. Nilikwenda Homa Bay siku ile ile bila kungoja Ijumaa. Kiti chake kilikuwa kimehamishwa. Karani wa ofisi aliniambia mzee amepelekwa nyumbani kupumzika, macho yamekwisha, na maktaba itafungwa kidogo hadi apatikane mtu.

Nikamwonyesha fomu. Hakuwa mtu mbaya. "Hiyo ni rahisi," akasema. "Wazee wengi hapa hawaandiki. Enda nayo kwake, aweke kidole tu, chifu agonge muhuri. Chukua hii." Akanipa kidau cha wino wa kidole, kile cha bati. Nikakitia mkobani, kikawa kinagongana na funguo, kwa sababu sikujua nifanye nini tena.

Nyumbani kwake kulikuwa nje ya Oyugis, upande wa Kasipul. Kijana wa bodaboda ya baiskeli alinifikisha hadi penye ua wa minyaa, kisha akageuza. Mke wake alinipokea. Alikuwa akimenya karanga sebuleni, na alinikalisha kabla ya kuniuliza ni nani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na redio iliyozimwa. Shati limefungwa hadi juu.

"Nyar Migori," alisema kabla sijatoa salamu. "Hiyo mkoba yako inapiga kelele."

Tukaulizana hali. Chai ikaletwa, tukanywa. Nilikuwa nimejipangia hotuba njiani na yote ilinipotea, kwa hiyo nikamsomea barua ya chuo kama ilivyo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na ofisini wamesema nini?"

Nikamwambia. Sikutaka, lakini hakuna mtu aliyeweza kumdanganya alipouliza hivyo. Nikasema wamesema kidole.

Mke wake akaacha kumenya. Mwalimu akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Kidole," akasema. "Mimi niliandika kadi za ile maktaba yote." Kisha akaongeza: "Lakini ukiona ndio njia, nyar Migori, nitaweka. Cheti ni chako."

Alisema kweli, angeweka. Angeninyooshea kidole gumba kama mtoto wa kukatwa kucha, na mimi ningeirudisha fomu Migori, ningepata cheti na mshahara wa mkutubi, na mkuu wa shule angeniacha nikae. Nilikuwa nakihitaji cheti kile vibaya sana. Lakini hasira ilinipanda, ile hasira yangu niliyokuwa nikilaumiwa kwayo nyumbani, na mara hiyo moja ilinifaa. Nikasema hakuna mtu atakayeweka kidole hapa. Nikasema chuo kimetaka sahihi ya mkutubi na kitapata sahihi ya mkutubi.

Tulitumia kipande cha kasha la majani ya chai. Mke wake alikikata kwa kisu cha jikoni hadi ukingo ukanyooka. Nilikiweka juu ya karatasi chakavu, yeye akakipapasa, akakaza kidole cha kushoto mwanzo wa ukingo, akaandika juu yake. Ya kwanza iliteleza. Ya pili herufi zilipandana. Aliomba karatasi nyingine, na nyingine, jasho likimtoka kipajini, na mke wake akawa anamwambia kwa Kiluo polepole, polepole. Fomu ilikuwa moja. Nilipoiweka mbele yake na kubana kile kipande cha kasha juu ya mstari, mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka, na alihisi.

"Shika vizuri," akasema. "Ukitikisa ni wewe unaharibu."

Akaandika. Niliinua kipande. Jina lilikaa juu ya mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, zuri, limeinama kidogo kulia kama zamani.

"Iko?" akauliza.

"Iko, Mwalimu. Iko sawa kabisa."

Akaegemea nyuma. Nikaikunja fomu, nikaitia mkobani, nikasema niwahi gari kabla giza halijaingia. Nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Ile swali," akasema. "Ya macho. Ilikuwa yangu."

"Najua, Mwalimu."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ulipoweka sahihi."

"Na hukuniuliza."

"Ulinifundisha nisiulize."

"Ndiyo," akasema. "Nilikufundisha." Alikuwa amegeuza uso kuelekea ninaposimama, si penyewe hasa, pembeni kidogo. "Lakini hiyo siku, nyar Migori, kama ungeuliza, ningefurahi sana."

Mke wake aliinamia karanga zake. Niliweka mkoba chini, nikavuta kiti hadi karibu naye, kwa kelele kusudi ajue kimefika wapi, nikaketi.

"Sasa hivi unaona nini?" nikamuuliza.

"Mlango naona, kwa sababu ya mwanga," akasema. "Wewe sikuoni."

Nikamuuliza ilianza lini.